Gripu za pikipiki ya zamani: anza na kipimo, jina la kiwanda lije mwisho

Wengi wanaofufua pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1940 na 1950 huishia kutafuta gripu, ile mipira ya kushikia usukani, zenye jina John Bull. Kiwanda hicho cha Leicester kilitengeneza mipira ya usukani, mipira ya magoti inayobandikwa kwenye tangi na hata matairi, na jina lake lilienea kwenye mashine za kila aina. Shida ni kwamba jina limegeuka kibali: mtu akiliona limeandikwa kwenye mpira, anahesabu kazi imekwisha. Kwangu mimi hapo mambo yamepinduliwa. Kwanza ni kipenyo cha usukani, pili mwaka wa mashine, tatu umbo la gripu yenyewe. Maandishi yaje baada ya hayo yote.

Sukani nyingi za Kiingereza zina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Upande wa kulia kuna bomba linalozunguka na kuvuta waya wa mafuta, ule unaopandisha na kushusha mwendo wa injini, na kipenyo cha bomba hilo kwa nje ni kama inchi 1, milimita 25.4. Ndiyo maana jozi moja ina gripu mbili zenye matundu tofauti, na si kosa la muuzaji. Lakini Triumph nyingi za miaka ya 1950 zenye nasela, ile kofia ya chuma inayobeba taa na spidomita, zilitoka na usukani wa inchi 1. Harley-Davidson nazo ni inchi 1. Ukilazimisha gripu ya 7/8 kwenye bomba la inchi 1 itaingia, kwa sababu mpira unavutika, ila mifereji yake itaachana na baada ya muda utaona nyufa zimeanza mdomoni. Ukifanya kinyume, gripu ya inchi 1 kwenye usukani wa 7/8, itazunguka mkononi hata ukimwaga gundi kiasi gani.

Kwa hiyo pima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia kipenyo, sehemu tatu: karibu na leva ya breki au klachi, katikati, na mwishoni. Usukani uliowahi kuanguka huwa umebonyea kwenye ncha, na ule uliooza kwa kutu huwa umepungua bila jicho kuona. Ukipeleka usukani kupigwa rangi ya unga, ile inayookwa kwa joto, kumbuka rangi hiyo huongeza sehemu moja ya kumi ya milimita, au hata sehemu mbili za kumi, kwenye kipenyo. Pima baada ya rangi, si kabla. Pima na urefu pia, kutoka ukingo wa nyumba ya mafuta, lile kasha linaloshika bomba la kulia, hadi ncha ya usukani.

Mashine za kabla ya miaka ya 1930 zina jambo lake. Nyingi zilikuwa na leva zilizogeuzwa, zile ambazo bawaba yake imekaa kwenye ncha ya usukani na mkono wa leva unaelekea ndani. Hapo gripu iliyozibwa mwisho haifai kabisa. Inatakiwa iliyo wazi pande zote mbili, ivishwe kabla leva haijafungwa. Mtu akikuuzia gripu iliyozibwa na kukwambia ukate ncha kwa kisu, kataa. Mkato huo huonekana, na mpira uliokatwa huanza kuchanika palepale.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya pikipiki za jeshi. Chukua BSA M20, ile ya cc 500 yenye valvu za pembeni. Zaidi ya 120,000 zilijengwa kwa ajili ya vita, na kwa macho ya wengi zote ni moja. Lakini Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942, Java ikafuata mwezi wa Machi, na Uingereza ikapoteza sehemu kubwa ya mpira wake kwa mkupuo mmoja. Mpira ukawa wa kuhesabiwa. Hata kwetu Tanganyika, mashamba ya mpira ya zama za Wajerumani, yaliyotelekezwa baada ya bei kuanguka, yalianza kugemwa tena kwa amri ya serikali ya kikoloni, na watu wakapelekwa huko kwa kulazimishwa. Kwenye pikipiki, uhaba huo uliandikwa waziwazi: gripu za turubai badala ya mpira, vikanyagio vya chuma kitupu, na mipira ya magoti ikaondolewa kwenye tangi.

Sasa mtu anafufua M20 ya 1943, anaipaka rangi ya jeshi kwa uangalifu, anatafuta hadi namba ya kikosi, halafu anaivisha gripu nene za mpira kwa sababu zinapendeza. Hapo amefuta ushahidi unaoweza kuguswa kwa mkono kwamba mashine hii ilijengwa wakati mpira haupo. M20 ya 1940 ivae mpira. Ya 1943 ivae turubai. Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu: mashine nyingi zilijengwa upya katika karakana za jeshi, kisha zikauzwa kwa raia baada ya vita, na huko zikapewa mpira. Ukiirejesha kama ilivyotembea mwaka 1950, ikiwa na rangi ya kiraia, mpira ni sahihi. Kisichokubalika ni kuchanganya: rangi ya 1943, mkono wa 1950.

Gripu za turubai huuzwa kama nakala na zinashika vizuri, ila hunyonya mafuta na jasho. Usizipake kitu cha kung'arisha.

Ushahidi wa mwaka unautoa wapi? Kitabu cha vipuri cha kiwanda cha mwaka huohuo ndicho cha kuanzia, kwa sababu kinatoa namba ya kipuri, na namba ikibadilika kati ya kitabu cha mwaka mmoja na kinachofuata, unajua kitu kilibadilika. Picha za mashine ambazo hazijaguswa ni za pili. Vipeperushi vya matangazo viamini kwa tahadhari; picha zake zilirekebishwa kwa brashi, na mara nyingi mashine iliyopigwa picha ilikuwa ya majaribio. Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, ina maktaba ya nyaraka za aina hii.

Wenye Honda za zamani, ambazo ni nyingi kwetu, wana kazi nyepesi. Gripu ya kulia huanza na 53165, ya kushoto 53166, na tarakimu tatu za katikati hutaja modeli ambayo kipuri kilitengenezewa kwanza: 300 ni CB750 ya mwanzo, 323 ni CB500 ya silinda nne. Soma tarakimu hizo kabla ya kusoma bei.

Kuhusu gripu mpya za zamani, zile zilizokaa stoo tangu enzi hizo bila kufungwa, msimamo wangu ni mkali: zisitumike kwenye pikipiki inayotembea. Mpira wa asili huendelea kukomaa hata ukiwa kwenye boksi. Ozoni ya hewani hukata nyuzi zake, na gripu inayoonekana nzima hupasuka siku unapoivuta juu ya bomba. Ikunje kidogo chini ya taa kali utazame ndani ya mifereji. Nyufa nyembamba kama unywele zikionekana, hiyo ni ya kabati la vioo. Bonyeza kwa ukucha: alama isiporudi, au ukucha ukiteleza kama kwenye plastiki, mpira umekufa. Inayonata imeshakula petroli au mafuta. Nakala nzuri yenye umbo sahihi inashinda, hata kama herufi zake ni kali kuliko za kalibu ya zamani.

Gripu za asili zilizomo kwenye usukani usizikate. Zungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, acha dakika tano, kisha pitisha spoki ya baiskeli iliyosuguliwa ncha hadi ikawa butu, na udondoshee spiriti pembeni yake. Zungusha spoki taratibu mzunguko mzima, kisha zungusha gripu huku unavuta. Mafundi wengi hutumia petroli. Inafanya kazi na inaua mpira. Ukishaitoa, ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kwa mswaki laini, kausha kivulini, funga kwenye karatasi, weka mbali na mota za umeme, maana cheche zake hutoa ozoni.

Kuvisha mpya: safisha usukani kwa msasa namba 400, futa kwa spiriti, paka gundi ya mpira utando mwembamba, sukuma kwa mwendo mmoja bila kusita. Sabuni usitumie, mvua ikinyesha hurudi kuwa utelezi. Acha saa 24.

Upande wa mafuta ndio unaoua. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya ukingo wa gripu na nyumba ya mafuta, na hakikisha ncha iliyozibwa haigusi mwisho wa usukani kwa ndani. Ikigusa, inakuwa breki na mafuta hayarudi. Injini ikiwa imezimwa, vuta hadi mwisho na uachie, usukani ukiwa umekatwa wote kushoto, kisha wote kulia. Bomba lirudi lenyewe kwa mlio mkavu kila mara. Baadaye washa, acha injini ikizunguka polepole, na ukate usukani pande zote mbili. Mlio wa injini ukipanda, waya umebanwa au ni mfupi. Upitishe upya kabla mashine haijatoka uani.