Panadol, diclopa na ini lenye kirusi C: hofu imeelekezwa kusikostahili

Mgonjwa wa homa ya ini C anapoanza dozi yake ya wiki 12, kuna onyo moja ambalo hulisikia kila upande: usiguse Panadol. Hulipata kwa jirani, kwa mgonjwa mwenzake kliniki, kwenye ujumbe wa simu unaosambazwa kwa nia njema, na mara nyingine kwa muuzaji wa duka la dawa mwenyewe. Onyo lenyewe haliondoi maumivu. Kichwa kuuma na uchovu ni kero za kawaida za dawa hizi, na viungo kuuma huwapata wengi wenye kirusi hiki hata kabla ya kuanza tiba. Kwa hiyo atatafuta kitu kingine, na kilicho karibu ni diklofenaki, brufeni au aspirini. Nionavyo mimi, hapo ameikimbia dawa ambayo ingemfaa, akaikumbatia ile ambayo ndiyo ya kuogopwa hasa kama ini lake limeshajaa makovu.

Hofu ya parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Panadol, haikuzuka hewani, na wanaoieneza si wajinga. Nchini Uingereza watu wengi mno walikuwa wakiitumia kujidhuru, hadi mwaka 1998 sheria ikapunguza idadi ya vidonge katika pakiti: 16 kwenye maduka ya kawaida na 32 kwenye famasi. Marekani, karibu nusu ya matukio ya ini kufeli ghafla huhusishwa na dawa hii, na mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitaka dawa mchanganyiko zinazoandikwa na daktari zisizidi miligramu 325 za parasetamoli kwa kidonge. Njia inayopitia inaeleweka vizuri. Sehemu kubwa ya kidonge hufungwa na ini na kutolewa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hugeuka kemikali yenye sumu, na ini huizima kwa kutumia akiba yake ya glutathioni. Mtu akimeza nyingi kupita kiasi, akiba inakwisha na sumu inaanza kuua seli. Hata bila kupitiliza, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa watu wenye afya njema gramu 4 kwa siku kwa wiki mbili, na vipimo vya kimeng'enya cha ini vilipanda mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida kwa zaidi ya theluthi moja yao. Daktari anayefuatilia ini la mgonjwa wa kirusi C ana haki ya kutopenda kuvurugiwa vipimo namna hiyo.

Ila ile takwimu ya nusu ndiyo inayobebwa sana kwenye mijadala, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Ni nusu ya akina nani? Ni watu waliomeza makumi ya vidonge kwa mkupuo, au waliochanganya kwa siku kadhaa dawa mbili tatu zenye parasetamoli ndani yake bila kujua. Takwimu hiyo inapima kiasi. Haimsemi mama mwenye homa ya ini C aliyemeza kidonge kimoja saa mbili usiku ili alale. Mtu akiitumia kumnyima mama huyo dawa, anampa jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Kuhusu mama huyo tunajua mambo kadhaa. Kwenye ini lenye sirosisi, yaani lililokomaa kwa makovu, parasetamoli hukaa muda mrefu zaidi mwilini, na ndiyo sababu dozi hupunguzwa. Lakini ule mtambo wa ini unaotengeneza sumu hauongezeki kasi kwa sababu ya ugonjwa, na kwa dozi ya kawaida glutathioni haishuki hadi kiwango cha hatari. Mwaka 1983 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 20 wa ini wa muda mrefu waliopewa gramu 4 kila siku kwa siku 13, likilinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, na maini yao hayakuharibika. Ni jaribio dogo na la zamani, kwa hiyo sitegemei hilo peke yake. Kuna pia historia ya tiba yenyewe. Kabla vidonge vya sofosbuviri havijaidhinishwa mwaka 2013, mgonjwa wa kirusi C alichomwa sindano za interferoni kwa wiki 24 hadi 48, na kila sindano iliweza kumletea homa na mwili kuuma kama mtu mwenye malaria. Ushauri aliopewa na madaktari wake ulikuwa kumeza parasetamoli kabla ya sindano. Ni ugonjwa uleule, na dawa ileile ambayo leo jirani anaiita sumu. Pamoja na vidonge vya sasa, sofosbuviri na daklatasviri au sofosbuviri na velpatasviri, haina mgongano wa kutia wasiwasi.

Kiasi ambacho madaktari wengi wa ini hukubaliana nacho kwa mwenye sirosisi ni gramu 2 kwa siku. Ambaye ini lake halina makovu anaweza kuruhusiwa zaidi kwa siku chache, ila gramu 2 ni kikomo kisicholeta ubishi kwa yeyote kati yao. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, maana naamini shida ya kweli iko hapo.

Gramu 2 ni vidonge vinne vya miligramu 500 kwa saa 24. Sasa chukua kijibahasha cha dawa kutoka zahanati au duka la dawa. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: PCM, yaani parasetamoli, 2x3. Viwili mara tatu. Ndiyo dozi ya mtu mzima inayojulikana na kila mtu, hata bibi asiyesoma huitaja kabla hujamaliza kumkabidhi. Piga hesabu: vidonge sita, gramu 3. Kwa mwenye ini zima ni dozi halali, bado iko chini ya gramu 4. Kwa mwenye sirosisi imevuka kikomo kwa gramu nzima, kila siku, kwa mwandiko wa mhudumu wa afya. Mgonjwa hakufanya uzembe wowote, alifuata bahasha. Kwa hiyo wanaoogopa wana hoja, na hoja yao inajibiwa kwa kalamu ileile: 1x4, kidonge kimoja kila baada ya saa sita, au 2x2, viwili asubuhi na viwili usiku. Mabadiliko hayo hayana gharama. Yanahitaji tu mtoa dawa aulize swali moja kabla ya kuandika, na mgonjwa ajue kwamba swali hilo linamhusu.

Hesabu inaharibika zaidi pale parasetamoli inapojificha. Dawa nyingi za mafua zinayo. Nyingine za kichwa huichanganya na aspirini na kafeini. Na kuna diclopa, ambayo ndiyo inayonisumbua kuliko zote kwa jinsi inavyouzwa kirahisi: kidonge kimoja kina diklofenaki miligramu 50 na parasetamoli miligramu 500. Mtu aliyeapa kutogusa Panadol kwa ajili ya ini lake anaomba diclopa ya mgongo, na kwa kumeza kila kidonge anapata parasetamoli ileile aliyoikimbia, na juu yake diklofenaki. Maandishi madogo nyuma ya karatasi ya vidonge yanaeleza yote haya. Tatizo ni kwamba vidonge mara nyingi hukatwa kwa mkasi na kuuzwa viwili viwili, na maandishi hubaki dukani.

Kwa nini diklofenaki inatisha? Dawa za kundi hilo, ibuprofeni (ndiyo brufeni) na aspirini zikiwemo, hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Kwa mwenye sirosisi mzunguko wa damu umeshavurugika, na figo zake hutegemea prostaglandini hizohizo ili mishipa yake ibaki wazi. Ukizizuia, figo zinaweza kufeli, maji yanajaa tumboni na miguuni, na dawa ya kupunguza maji inaacha kufanya kazi. Upande wa pili ni damu. Makovu hupandisha shinikizo kwenye mshipa unaoleta damu kwenye ini, na mishipa ya umio huvimba. Chembe sahani, zinazogandisha damu, huwa pungufu. Ongeza dawa inayochubua tumbo na kudhoofisha chembe hizo, na unapata mgonjwa anayetapika damu usiku. Tena diklofenaki yenyewe, mara chache, huumiza ini hata la mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wowote.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Anayetumia diklofenaki kwa siku nyingi hulalamika tumbo, na akilalamika hupewa omeprazoli. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo, na velpatasviri inahitaji asidi hiyo ili iyeyuke na kufyonzwa. Mgonjwa anameza dozi yake ya kirusi kila siku kwa uaminifu, lakini damu yake inapata dawa pungufu. Tiba inayoponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaoimaliza imewekwa rehani kwa sababu ya maumivu ya goti. Daklatasviri haina tatizo hilo, lakini ni wagonjwa wangapi wanajua wanatumia ipi kati ya hizo mbili?

Sasa nisiwatendee haki nusu wanaotetea upande mwingine. Si kila mwenye kirusi C ana sirosisi, na wengi hawana. Kijana aliyegundulika na kirusi alipokwenda kuchangia damu, ini halina makovu, figo nzima, ameteguka kifundo cha mguu mpirani, akitumia ibuprofeni siku mbili tatu baada ya kula hatadhurika.  Jeli ya kupaka ni salama zaidi, kwa kuwa kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Madaktari wanaosema hivi wako sahihi, na wakinilaumu kwamba naihamisha hofu kutoka dawa moja kwenda nyingine nitawasikiliza. Ninachowaomba wakumbuke ni kwamba uhuru huo unategemea kujua hali ya ini. Sirosisi inaweza kukaa miaka bila dalili. Kipo kipimo kinachoitwa APRI kinachokokotolewa kutokana na kimeng'enya cha ini na hesabu ya chembe sahani, na kliniki nyingi zinaweza kukifanya bila mashine ya gharama. Anayesimama dirishani dukani saa mbili usiku hana majibu hayo mkononi, na anayemuuzia hayajui.

Wapo pia wanaosema bora mgonjwa asimeze chochote hadi dozi iishe. Nawaelewa: kliniki imejaa, hakuna muda wa kufundisha hesabu za gramu, na katazo fupi hukumbukwa. Lakini wafikirie wanaougua. Rwanda, iliyoanza mpango wake wa kutokomeza homa ya ini C Desemba 2018, inajua kwamba ugonjwa huu umejikita zaidi kwa watu wa umri mkubwa, na watu wa umri huo wana magoti na migongo. Dar es Salaam, ambako huduma ya methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011, kirusi C kimewapata wengi waliowahi kujidunga. Hao huambiwa kwamba methadoni inawatosha kwa maumivu, wakati ukweli ni kwamba dozi ya mara moja kwa siku huzuia arosto kwa saa 24 lakini hutuliza maumivu kwa saa chache tu. Kumwambia mtu wa namna hii avumilie wiki 12 ni kumsukuma kwenye duka la dawa bila maelekezo, au kumfanya aache dozi.

Maumivu makali yana dawa zake, na hizo ni za daktari. Tramadoli hukaa mwilini muda mrefu kwa mwenye sirosisi, hufunga choo, na choo kikifungwa sumu zinaweza kupanda hadi ubongo ukachanganyikiwa. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kabamazepini haifai kabisa wakati wa tiba hii, kwa kuwa hushusha kiwango cha dawa ya kirusi mwilini. Anayeitumia aseme kabla ya kidonge cha kwanza, ila asiiache ghafla kwa uamuzi wake. Anayekunywa pombe kila siku au asiyekula vizuri akiba yake ya glutathioni ni ndogo, hivyo hata vidonge vinne anapaswa kuviulizia. Na aliyezidisha parasetamoli kwa bahati mbaya asisubiri dalili, kwa kuwa siku ya kwanza anaweza kujisikia mzima kabisa. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu kumeza.

Jambo la mwisho ni la siku ile majibu yanapoonyesha kirusi hakipo tena, wiki 12 baada ya kumaliza dozi. Wengi huchukulia kwamba masharti yamekwisha, na kwa ambaye ini lake halikuwa na makovu ni kweli. Mwenye sirosisi amepona kirusi, lakini makovu yanaweza kubaki kwa miaka, pamoja na ile mishipa ya umio na zile chembe sahani pungufu. Kwake kikomo cha vidonge vinne kinaendelea, diclopa bado haimfai, na hilo liandikwe kwenye kadi yake siku hiyohiyo anayopongezwa.