Vichwa vya shaba havikosi shabaha, tunavipakia kama risasi

Kiswahili kinatuchanganya kidogo kwenye hii mada. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu, na risasi hiyohiyo ndo kitu kinachotoka mtutuni, kwa hiyo ukimwambia mtu "risasi ya shaba" anakuangalia kama umemwambia maziwa ya mkaa. Basi hapa nikisema risasi namaanisha madini, na nikisema kichwa namaanisha ile ncha inayoruka. Na kupakia ni kujitengenezea mwenyewe: unajaza baruti kwenye ganda, unasukumia kichwa juu yake.

Sasa wawindaji wa Marekani hasa wa magharibi wanabishana miaka na miaka kama vichwa vya shaba tupu vichukue nafasi ya vile vya risasi, ambayo ni sumu. California walipitisha sheria 2013 na kuanzia Julai 2019 huruhusiwi kuwinda mnyama yeyote pale kwa risasi. Arizona hawakulazimisha mtu, wao tangu 2005 wanawagawia wawindaji wa eneo la kondori (ndege mkubwa anayekula mizoga) vichwa visivyo na risasi bure. Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukajifunza kuwinda huku ukubwani (Kenya uwindaji ulifungwa 1977, wengi wetu hatukuwahi hata kushika bunduki ya kuwindia) tumeingia katikati ya ubishi huu bila kujua ulianzia wapi.

Lalamiko la upande wa risasi nalisikia kila msimu na halibadiliki: nimenunua boksi la shaba, nimepakia, matundu yametawanyika inchi tatu kwa yadi 100, nimerudi kwa vichwa vyangu vya zamani vinavyoingia ndani ya inchi moja. Mtu huyo hadanganyi. Matundu kweli yametawanyika. Ila ukimuuliza alipakiaje utasikia alichukua uzito uleule, kina kilekile cha kukisukumia kichwa kwenye ganda, na mtutu uleule wenye uchafu wa miaka mitatu ya vichwa vingine, akabadilisha kichwa tu. Hapo amejaribu mapishi ya risasi akayaita mapishi ya shaba.

Angalia uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ni gramu 11.34, ya shaba ni 8.96. Kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) lazima kiwe kirefu kuliko cha risasi cha greni 180, hakuna namna, na bunduki haijali uzito kama inavyojali urefu, manake ile mikato inayojisokota ndani ya mtutu ndo inakizungusha kichwa kitulie angani, na kirefu kinataka mzunguko wa haraka zaidi. Halafu huo urefu unaingia ndani ya ganda unakula nafasi ya baruti. Ndo maana mwenye bunduki ya .30-06 aliyezoea greni 180 anaambiwa ashuke mpaka 168 au hata 150, na anakataa, anaona kama anapewa bunduki ya mtoto. Lakini kichwa cha shaba kikimpiga mnyama kinafunguka kama ua na kinabaki na karibu uzito wake wote, cha risasi kinaacha vipande njiani, hivyo 150 ya shaba inapenya vizuri sana. Kushuka uzito si kupoteza kitu.

Na kuna hii inchi 0.05, pengo kati ya kichwa na pale mikato inapoanza, ambayo mimi nadhani ndo inabeba nusu ya ugomvi wote. Waliozoea risasi wamefundishwa kukisogeza kichwa karibu kabisa na pale mikato inapoanza, wengine wanakigusisha, kwamba kikianza safari kimenyooka kitafika kimenyooka. Shaba haitaki hivo. Ni ngumu, hailegei kama risasi, ukiigusisha pale presha inapanda ghafla na matundu yanatawanyika. Kampuni ya Barnes wenyewe, walioleta kichwa cha shaba sokoni 1989, wanasema anza na pengo la inchi 0.05, yaani milimita moja na robo hivi, na bunduki nyingi zinapenda zaidi ya hapo. Milimita moja na robo! Mtu anatupa boksi zima kwa sababu ya kitu chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ukienda hatua kwa hatua, 0.05, 0.07, 0.09, bila kubadilisha baruti, mara nyingi kuna sehemu matundu yanakusanyika yenyewe. Na baruti ufuate kitabu cha kichwa hichohicho, anzia chini, usichukue kabisa vipimo vya kichwa cha risasi chenye uzito sawa, hilo ni suala la usalama wa macho yako.

Sifa mbaya haikutoka hewani lakini. Vile vya mwanzo vya 1989 havikuwa na mifereji ubavuni, vilipaka mtutu shaba vibaya na bunduki nyingine hazikuvipenda hata ufanyeje. Mifereji hiyo ilikuja 2003 na mambo yakabadilika, ila mzee aliyechomwa miaka ya tisini hajarudi kujaribu.

Upande wa risasi wana hoja nyingine ambazo kupakia vizuri hakuziondoi. Bei kwanza. Shaba inauzwa boksi la 50 wakati risasi unapata 100 kwa pesa ndogo, na hapa bei inaharibu hata majaribio, mtu anaogopa kupoteza vichwa anapiga matundu matatu tu anatoa hukumu, na matundu matatu yanaweza kukudanganya pande zote mbili. Mbali sana pia, kasi ikishashuka, shaba inagoma kufunguka, inatoboa tu, mnyama anateseka. Bunduki ya zamani yenye mzunguko wa polepole nayo unaweza kuihangaikia mwaka mzima bila kitu.

Mimi lakini nikifika kwenye nyama narudi palepale. 2009 walichapisha utafiti wa kulungu 30 waliopigwa kwa vichwa vya kawaida vya risasi, wakawapiga eksirei baada ya matumbo kutolewa. Wote 30 walikuwa na vipande vya metali, mmoja alikuwa na vipande 409. Kisha nyama ikapelekwa kwa wachinjaji wa kawaida wakaikata na kuisaga, na katika pakiti 234 za nyama ya kusaga asilimia 32 zilikuwa na kipande angalau kimoja. Hizo ni pakiti safi, zimefungwa, za kuwekwa friza, za kupikia watoto. Unayetafuna huhisi kitu, vipande ni vidogo mno. Kondori anayekula matumbo yaliyoachwa porini anakufa kwa hivyohivyo, na hao ndege 1982 walikuwa wamebaki 22 tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia shaba ni ghali namuelewa, akiniambia bunduki ya babu yake haiitaki namuelewa pia. Akiniambia haina shabaha namuomba kwanza anionyeshe pengo aliloacha, uzito aliochagua na lini alisugua mtutu mpaka ukabaki chuma kitupu. Wengi hiyo ya mtutu ndo hawajawahi kufanya kabisa.