Nilivyotajirika kwa Bei Isiyokuwepo

Usiku ambao kompyuta iliniambia kwamba nimegeuza dola 500 kuwa dola 41,000, nilifunga mlango wa chumba polepole, nikazihesabu zile sifuri kwa ncha ya kalamu, kisha nikamwamsha mke wangu ili asubuhi akaulizie bei ya mabati ya nyumba ya mama. Fedha zenyewe zilikuwa za majaribio tu, jambo ambalo sikuona sababu ya kulitaja saa nane za usiku.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikiandika kwa Python programu ya kuchora mishumaa ya Heikin-Ashi, yaani vijiti vya mchoro wa soko, kila kimoja kikionyesha bei ya kipindi kimoja, kijani ikipanda na chekundu ikishuka, vilivyolainishwa kwa wastani ili mwelekeo wa soko uonekane bila kijani na nyekundu kupishana kama taa za disko. Kanuni yake haina makuu. Bei ya kufunga hupatikana kwa kujumlisha bei halisi za kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga, kisha kugawa kwa nne. Bei ya kufungua ni wastani wa kufungua na kufunga kwa mshumaa uliolainishwa uliotangulia, na hapo ndipo nilipokesha, kwa kuwa mshumaa wa kwanza hauna mtangulizi, na programu ilinijazia safu nzima ujumbe wa "si namba" mpaka nilipoupa huo wa kwanza wastani wa bei zake halisi za kufungua na kufunga.

Baada ya hapo niliiagiza inunue dola kwa yeni kila mshumaa unapogeuka kijani na iuze unapogeuka mwekundu, nikaipa bei za miaka miwili iliyopita. Haikupata hasara hata mwezi mmoja. Mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilimwita shemeji.

Shemeji anauza mchele kwa jumla Tandale, na nilitaka anikopeshe shilingi milioni 3 za mtaji. Ili nimlainishe na yeye, nilimweleza kwamba mishumaa hii asili yake ni Ujapani, ambako soko la mchele la Dojima, mjini Osaka, liliruhusiwa rasmi mwaka 1730 kuuza mchele ambao bado haujafika ghalani. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaomba aone ununuzi mmoja tu.

Nikamfungulia mshumaa mmoja: kufungua 150.00, juu 151.20, chini 149.80, kufunga 151.00.

"Hapa nilinunua kwa 150.50," nikasema.

"Soko lilikuwa limefunga kwa ngapi, shemeji?"

"151.00. Hiyo 150.50 ni wastani."

Akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Mimi mchele leo asubuhi nimeuuza 2,600, sasa hivi ni 3,000. Ukija ukitaka nikupe kwa 2,800 kwa kuwa ndio wastani wa siku, nitakupa?"

"Huwezi."

"Basi aliyekupa wewe ni nani? Nipeleke kwake, nina gunia 200 za kununua."

Nilitazama mstari wa 84 na jasho likanitoka. Mahali pa bei ya kununulia na ya kuuzia nilikuwa nimeandika bei iliyolainishwa, kwa hiyo soko lilipopanda programu mara nyingi ilinunua chini ya bei halisi, liliposhuka iliuza juu yake, na kila mara upande wa pili wa biashara alisimama mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Nikairekebisha itumie bei halisi ya kufungua ya mshumaa unaofuata, nikaiendesha tena huku shemeji akiwa ameinamia bega langu. Zile dola 500 zikawa 312, na hapo dalali alikuwa hajakata chake.

Wakati huo mke wangu akaingia na chai, akauliza kama mabati ya mama yawe ya geji 28 au 30.

"Ya wastani," akajibu shemeji, akivaa kofia yake.