Nani alipwe, na kiasi gani: mvutano wa ligi za vijijini Victoria

Mwaka 2016, AFL Victoria, chombo kinachosimamia kandanda ya Kiaustralia katika jimbo la Victoria, kilizitaka ligi za ngazi ya jamii zilizo chini yake zianze kutumia mfumo wa alama za wachezaji, ambao huwekea kikomo jumla ya alama za kikosi, na mwaka uliofuata kikaweka pia kikomo cha fedha ambazo klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake kwa msimu mzima. Shabaha ilikuwa kuzizuia klabu chache zenye mifuko minene zisijinunulie ubingwa huku jirani zao wakishindwa kupeleka kikosi uwanjani. Tangu hapo mjadala haujatulia. Wapo wanaoamini kwamba bila vizuizi hivyo klabu nyingi ndogo zingekuwa zimekwisha kufungwa, na wapo wanaoshikilia kwamba vizuizi hivyo vimewabebesha watu wa kujitolea kazi ya ukaguzi wa hesabu bila kuondoa ugonjwa wenyewe. Kila upande una hoja, ingawa kwa maoni yangu hoja hizo hazina uzito sawa.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu: kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, kila timu huingiza wachezaji 18 katika uwanja wenye umbo la yai, na kila upande wa uwanja una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili mirefu ni goli lenye pointi 6, na ukipita pembeni mwa hiyo, kabla ya milingoti mifupi, ni pointi 1. Magoli huwa mengi, kwa hiyo tofauti ya uwezo kati ya timu mbili haijifichi kama inavyoweza kujificha katika soka, ambako timu dhaifu inaweza kupaki basi ikaondoka na sare. Katika kandanda ya Kiaustralia timu dhaifu inaweza kufungwa kwa tofauti ya pointi 200, na vijana wake wakalazimika kurudi uwanjani Jumamosi inayofuata kwa kichapo kingine.

Tuchukue eneo la Mallee na jirani yake Wimmera, nchi tambarare ya ngano kaskazini magharibi mwa Victoria. Majina ya klabu za huko yanaeleza historia kabla hata takwimu hazijatajwa: Birchip-Watchem, Wycheproof-Narraport, Sea Lake Nandaly. Kila jina la aina hiyo ni vijiji viwili ambavyo zamani vilikuwa na klabu mbili. Mashine zimekuwa kubwa, mashamba yameunganishwa, familia zinazolima zimepungua, na vijana wakimaliza sekondari huelekea Melbourne, Ballarat au Bendigo kwa masomo na kazi. Nullawil, kijiji kidogo mno ambacho wageni hukifahamu zaidi kwa picha ya mbwa iliyochorwa kwenye ghala lake la nafaka, kimeendelea kuwa na klabu yenye jina lake peke yake, jambo ambalo wenyeji wa huko hujivunia kwa haki kabisa.

Hapo ndipo malipo yalipoanzia. Kijana anayefanya kazi Melbourne huendesha gari zaidi ya kilomita 300 ili achezee Sea Lake, na si jambo la ajabu klabu imlipie mafuta. Kutoka kulipia mafuta hadi kumlipa mchezaji dola mia kadhaa kwa mechi ni hatua fupi, na kutoka hapo hadi kumpandia dau mchezaji wa klabu jirani ni fupi zaidi. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba ligi hizi ziwe za kulipana, bali klabu moja ilianza, nyingine ikaona itaachwa nyuma. Fedha zenyewe hutoka kwa watu walewale, kwa viingilio vya getini, baa, kantini inayouza pai na chai, wafadhili wa madukani, na katika maeneo ya ngano hata shamba ambalo mwanachama huliazima klabu, wenzake wakaleta trekta, mbegu na mashine ya kuvunia, mavuno yakauzwa kwa niaba ya klabu. Mtu anapopanda ngano kwa kujitolea, halafu fedha zake zikamlipa mshambuliaji wa mjini anayefika saa moja kabla ya mechi na kuondoka bila kunywa hata soda na wenyeji, ni haki yake kuuliza maswali.

Wanaotetea vizuizi huanzia hapo, lakini hoja yao yenye nguvu zaidi, nionavyo, iko katika uendeshaji wa msimu, na watu wa nje hawaioni. Tuseme ligi ina klabu 10 na raundi 16. Kila klabu itakutana mara mbili na wapinzani saba, na mara moja tu na wawili waliobaki. Ushindi ni pointi 4, sare ni pointi 2, na timu zikilingana kwa pointi katika msimamo hutenganishwa kwa asilimia, yaani pointi ambazo timu imefunga uwanjani zikigawanywa kwa zile ilizofungwa, kisha kuzidishwa kwa mia. Sasa weka ndani ya ratiba hiyo timu moja iliyokwisha nguvu. Klabu iliyopangiwa kukutana nayo mara mbili itavuna asilimia mara mbili, na iliyopangiwa kukutana nayo mara moja itaingia Agosti, msimu wa kawaida unapokaribia kwisha, ikiwa na deni ambalo haikulifanya. Nafasi ya tano, ambayo katika ligi nyingi ndiyo ya mwisho kuingia hatua ya mtoano, inaweza kuamuliwa na bahati ya ratiba.

Mbaya zaidi ni timu hiyo ikijitoa katikati ya msimu. Kamati ya ligi ikifuta matokeo yake yote, waliokwisha kuifunga wanapokonywa pointi na asilimia walizozitolea jasho, na wale ambao hawajakutana nayo hawapotezi kitu. Ikiyaacha yasimame, waliobaki kwenye ratiba wanapewa ushindi wa mezani, na siku ambayo walitegemea mapato ya nyumbani inageuka Jumamosi ya kiwanja kitupu. Hakuna uamuzi usio na malalamiko, na kila ligi ina kanuni yake iliyotokana na ugomvi wa mwaka fulani. Katibu anayetakiwa kuyatatua hayo ndiye pia anayepanga waamuzi, ambao ni haba, anayesikiliza mashauri ya nidhamu, na anayepokea simu saa tano usiku kuhusu mchezaji ambaye karatasi zake za uhamisho hazikukamilika kabla ya dirisha kufungwa Juni 30.

Ikumbukwe pia kwamba ligi nyingi za vijijini Victoria ni za kandanda na netiboli kwa pamoja. Siku moja, katika eneo moja, watoto hucheza asubuhi, kikosi cha akiba kinafuata, wakubwa wanaingia kiasi cha saa nane mchana, na kando ya uwanja wanawake na wasichana wanacheza madaraja yao ya netiboli. Kikosi cha wanaume kikivunjika kwa kukosa wachezaji au kwa madeni ya malipo, wachezaji wa netiboli wanapoteza ligi ambayo wao hawakuiharibu. Sijawahi kusikia jibu la kuridhisha kwa hoja hii kutoka kwa wanaotaka kila klabu iachwe itumie fedha zake ipendavyo.

Mfumo wa alama hufanya kazi hivi. Kila mchezaji hupewa alama kulingana na alikotoka na kiwango alichowahi kucheza. Aliyekulia katika klabu yake ana alama 1, na kadiri mgeni alivyocheza ngazi za juu ndivyo alama zake zinavyopanda, hadi 6. Akibaki katika klabu hiyohiyo, alama zake hupungua mwaka hadi mwaka. Jumla ya alama za wachezaji waliomo katika orodha ya kikosi haipaswi kuzidi kiwango kilichowekewa klabu. Tukichukulia kwa mfano kwamba kiwango ni 40 na kikosi ni watu 22 (18 wa uwanjani na wanne wa akiba), klabu yenye wenyeji 17 hubakiwa na alama 23 za kugawa kwa wageni watano, labda watatu wa alama 5 na wawili wa alama 4. Ikitaka mgeni wa sita lazima irekebishe hesabu mahali fulani. Mamluki hajazuiwa, amewekewa bei ambayo haiwezi kulipwa kwa fedha.

Wapinzani wa mfumo wana madai mazito pia, na si wote ni matajiri waliokasirika. La kwanza ni kwamba kikomo cha fedha ni rahisi kukikwepa. Mfadhili wa klabu anaweza kumpa mchezaji kazi, mkulima akampa nyumba ya kukaa bila kodi, au bahasha ikapita mkono hadi mkono kwenye maegesho, na yote hayo yasionekane katika vitabu vya mweka hazina. Kanuni zinaruhusu faini na kukatwa pointi, lakini adhabu huhitaji ushahidi, na ushahidi huhitaji mkaguzi mwenye muda. Mweka hazina mwenyewe aghalabu ni mwalimu au mke wa mkulima anayefanya kazi hiyo usiku baada ya kazi zake. Kumtaka atie saini tamko kwamba hakuna fedha nyingine iliyolipwa ni kumweka mtu mwema mahali pabaya: anajua alichokilipa yeye, hajui walichokilipa wengine.

La pili ni kwamba usawa wa kanuni si usawa wa mazingira. Klabu ya mji wenye shule kubwa ya sekondari ina watoto wengi wanaokua ndani yake, na kila mmoja wao ni alama 1. Klabu ya kijiji cha mbali, ambayo haiwezi kuunda timu ya vijana bila kuazima, inalazimika kuleta watu wa nje ili tu ifikishe wachezaji 22, na kila anayekuja anakula alama na anadai mafuta. Kwa hiyo kanuni iliyotungwa kumlinda mdogo inaweza kumbana yeye kwanza. Hali hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu 2024, mwongozo mpya ulipoelekeza kwamba mchezaji wa ngazi ya jamii aliyepata mtikisiko wa ubongo akae nje angalau siku 21. Mwongozo huo ni sahihi na sioni sababu ya kuupinga, lakini kwa kikosi kisicho na akiba wachezaji wawili waliogongwa kichwa Jumamosi moja ni pigo la mwezi mzima.

AFL Victoria imelijua tatizo hilo, ndiyo maana ligi zinaweza kuziongezea au kuzipunguzia klabu alama kulingana na hali zao. Ni mlango mzuri, ila kila anayeupitia hutazamwa na jirani zake kwa jicho la kutaka kujua kwa nini yeye na si wao.

Wengine husema dawa ni kufuta malipo kabisa, kama inavyofanya VAFA, ligi ya ridhaa ya Melbourne iliyoanzishwa mwaka 1892, ambayo ina madaraja mengi yenye kupanda na kushuka na haiwalipi wachezaji. Mfano huo unavutia, lakini hausafiri vizuri. Klabu zake nyingi zinatokana na wahitimu wa shule fulani, na zimo ndani ya jiji la mamilioni ya watu. Timu iliyozidiwa hushushwa daraja, ikakutana na wa kiasi chake, safari bado ni ya nusu saa. Mallee haina daraja la chini la kumshushia mtu. Kisiwa cha King, katika mlango wa bahari kati ya Victoria na Tasmania, huendesha ligi ya klabu tatu tu, mbili zikicheza na moja ikipumzika, na inakwenda. Lakini kisiwa kina mipaka iliyochorwa na maji, na hakuna jirani wa kuja kununua wachezaji.

Kwa upande mwingine, wanaodhani kwamba kanuni hizi zitaziokoa klabu zote wanajidanganya. Ligi ya Mallee ilivunjwa baada ya msimu wa 2015, mwaka mmoja kabla ya mfumo wa alama kuanza, na sioni jinsi alama zingeiokoa. Sababu kubwa ilikuwa watu, na hakuna hesabu ya kikosi inayozaa watu.

Baada ya kupima pande zote, naona kosa liko katika kuvichukulia vizuizi viwili kama kitu kimoja. Alama zinafanya kazi kwa sababu ziko hadharani: orodha ya kikosi huwasilishwa kabla ya mechi, mpinzani anaiona, na aliyedanganya anaumbuka siku hiyohiyo. Fedha hazina hadhara hiyo. Ningeimarisha alama na kuzifanya ziwe ngazi halisi, klabu iliyomaliza mkiani na isiyo na timu ya vijana ikipewa nyongeza bila kuomba, kwa kigezo kilichoandikwa, ili kamati isilaumiwe kwa upendeleo. Kikomo cha fedha ningekiacha kama kanuni ya vitabu, chenye kazi ya kumpa mweka hazina sababu ya kukataa wanapokuja wanachama wenye shauku na mpango wa mchezaji ghali, na ningeutoa nje ya kikomo hicho usafiri wa mchezaji anayekaa mbali, kwa kiwango cha dola kwa kilomita kinacholingana kwa wote. Wakaguzi wachache waliopo waelekezwe kwenye klabu zilizopanda ghafla, badala ya kuwasumbua wote kwa fomu zilezile. Na viwango vya alama vya msimu unaofuata vitangazwe mapema baada ya fainali za Septemba, kabla marais wa klabu hawajaanza kuwapigia simu wachezaji, kwa kuwa ahadi iliyotolewa Oktoba ndiyo inayofichwa Mei.