Green Bay na mgao sawa wa pesa za runinga

Kila Julai klabu ya Green Bay Packers inapotoa hesabu zake, mimi hurukia mstari mmoja tu: fungu la mapato ya kitaifa, ambalo sehemu kubwa yake ni pesa za runinga. Mwaka 2024 lilikuwa dola milioni 402.3. Klabu nyingine za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zina matajiri wanaofunga vitabu vyao kabatini, ila Packers ni mali ya wanahisa, kwa hiyo huanika kila kitu. Na kwa kuwa fungu hilo hugawanywa sawa kwa timu 32, ukijua la Packers umejua pia la New York Giants na la Dallas Cowboys.

Sasa tazama mji wenyewe. Green Bay, jimbo la Wisconsin, haufikishi wakazi 110,000. Ligawe fungu hilo kwa kila mkazi, mtoto na mzee, na kila mmoja angeondoka na zaidi ya dola 3,600. Hakuna soko la matangazo la mji wa ukubwa huo, popote Marekani, linaloweza kuzaa pesa hizo. Zinatokana na sheria ya 1961, na sheria hiyo ina maadui wengi.

Kabla yake kila timu ilijiuzia matangazo yake, mwenye mji mkubwa akivuna na mwenye mji mdogo akiokota masalia. Kamishna wa ligi, Pete Rozelle, aliwashawishi wenye timu wauze kwa pamoja, na kinachonishangaza hadi leo ni kwamba Wellington Mara wa Giants na George Halas wa Chicago Bears, waliokuwa na mengi ya kupoteza, walikubali. Jaji Allan Grim akaubatilisha mkataba wao na kituo cha runinga cha CBS kwa kuvunja sheria za ushindani. Rozelle akakimbilia Congress, bunge la Marekani, na tarehe 30 Septemba 1961 Rais Kennedy akatia saini sheria yenye ruhusa maalumu ya kuuza kwa pamoja. Kuanzia 1962 CBS ikalipa dola milioni 4.65 kwa mwaka: kama 330,000 kwa kila timu, Packers na Giants sawasawa.

Wakosoaji wanauita mpango huu ukiritimba uliobarikiwa na serikali, na hawazushi. Muuzaji akiwa mmoja, bei ni yake. Mwenye timu mvivu anayefungwa mwaka nenda mwaka rudi hupokea hundi ileile anayopokea bingwa. Kisha kuna Sunday Ticket, kifurushi cha kulipia cha mechi za Jumapili: anayeishi mbali na timu yake hulazimika kununua mechi za wengine wote ili aione moja. Juni 2024 jopo la raia mjini Los Angeles liliamuru ligi ilipe dola bilioni 4.7 kwa sababu ya kifurushi hicho. Agosti jaji akaitupilia mbali hukumu hiyo.

Lakini kifurushi hicho hakikuzaliwa na sheria ya 1961. Ruhusa ile inahusu matangazo ya bure, yanayolipiwa na wadhamini. Mahakama zimekataa kuitandaza hadi kwenye setilaiti na kebo. Kinachomkera mtazamaji kiko nje ya uzio wa sheria, ila wakosoaji wanataka uzio wenyewe ubomolewe.

Wakosoaji hunikumbusha pia kwamba Packers waliwachapa Giants 37–0 kwenye fainali ya Desemba 1961, kabla senti ya mgao haijafika. Kweli kabisa. Walikuwa na kocha Vince Lombardi. Lombardi akaondoka, akafariki 1970, na mji ukakaa bila ubingwa hadi msimu wa 1996. Miaka yote hiyo ya ukame mgao haukukatika. Waulize Wahispania: Real Madrid na Barcelona walijiuzia haki zao, wakawaacha wadogo mbali mno, hadi serikali ikalazimisha mauzo ya pamoja mwaka 2015.

Sheria ina doa lake, nakiri. Iliiachia ligi izime matangazo katika mji wa timu mwenyeji, hata viti vyote vikiwa vimeuzwa, hadi Congress ilipoingilia kati mwaka 1973 na kuagiza kwamba tiketi zikiisha saa 72 kabla ya mchezo, mechi ionyeshwe. Doa lilifutwa bila kuchoma nguo.

Januari 2024 mechi ya mtoano kati ya Kansas City Chiefs na Miami Dolphins iliwekwa Peacock, huduma ya kulipia mtandaoni. Nje ya miji ya timu hizo mbili, mwenye antena peke yake hakuona kitu. Congress ikitaka kuigusa sheria ya 1961, ianzie hapo: anayetaka ruhusa ya kuuza kwa pamoja aweke mechi zote za mtoano kwenye chaneli za bure, na mgao uachwe kama ulivyo.