Msomaji asibebeshwe lawama peke yake

Mwandishi mmoja anasema habari za uongo zinaenea kwa sababu wasomaji hawana elimu ya kutosha. Hapo sikubaliani naye. Mwaka 2016 vijana wa Veles, mji mdogo huko Masedonia (sasa Masedonia Kaskazini), walifungua tovuti chungu nzima za kumpigia debe Donald Trump. Siasa za Marekani wala hazikuwahusu. Walichofuata ni pesa za matangazo, na kila aliyebofya kwa hasira aliwaingizia chochote.

Wakubwa je? Mwaka 2023 Fox News, televisheni ya habari ya Marekani, ilikubali kuilipa kampuni ya Dominion dola milioni 787.5 kumaliza kesi ya madai ya uongo yaliyorushwa kuhusu mashine zake za kupigia kura. Hao si vijana wa Veles.

Tena elimu yenyewe! Mimi na shahada yangu niliwahi kurusha picha ya maandamano ya "leo asubuhi" kwenye kundi la familia. Binamu akauliza, mbona bango lile nyuma lina tarehe ya miaka minne iliyopita? Nikaifuta kimyakimya. Shangazi alikuwa keshaipeleka makundi matatu.