Mnahamia Git, Historia Mnaiacha kwa Nani?

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja hapa mjini kusaidia kuhamisha mfumo wao wa malipo kutoka Subversion kwenda Git, programu mbili zinazotunza kila badiliko la msimbo, aliyelifanya na lini. Nilipofika nikaambiwa kazi imeshaisha. Kijana mmoja alikuwa amechukua faili za mwisho kwenye folda ya trunk, penye msimbo wa sasa, akazimwaga kwenye ripo (hazina ya msimbo) mpya, akakomiti, yaani akahifadhi badiliko, mara moja kwa ujumbe wa neno moja: "mwanzo". Kazi ya watu ya zaidi ya miaka kumi imegeuka komiti moja, jina moja, tarehe ya Jumanne. Nikauliza historia iko wapi.

"Kaka, ile ya zamani haina kazi tena. Tunaanza upya."

Meneja wake akaitikia kwa kichwa. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka, kwa sababu ofisi hiyo si ya kwanza. Nimeyaona hayohayo Mikocheni, nimeyaona Kijitonyama, nimeyaona Posta. Imekuwa ndiyo desturi ya kuhama: nakili, bandika, futa yaliyopita.

Nichukue mfumo huohuo. Ndani yake kuna sehemu inayoamua namba ya mteja iko mtandao gani kabla ya kutuma pesa. Ukiisoma utadhani imeandikwa na mtu aliyependa kujisumbua. Inachukua namba, inakwenda kutafuta kwenye jedwali, isipoikuta inauliza kwingine, kisha inalihifadhi jibu kwa muda maalumu. Kijana wetu alikuwa ameshapanga kuifupisha: angalia tarakimu tatu za mwanzo, 075 peleka huku, 071 peleka kule, basi. Ukimsikiliza unaona ana hoja. Msimbo mfupi, haraka, hakuna kuisumbua hifadhidata.

Seva ya zamani ilikuwa bado inawaka. Nikafungua `svn log` ya faili lile, orodha ya mabadiliko yake yote, na kushuka taratibu. Nikafika Machi 2017, mtu ambaye hakuna hata mmoja pale ofisini aliyemfahamu ameandika: "Usiangalie tena namba tatu za mwanzo. Kuanzia mwezi huu mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake. Jana malipo mawili yamekwama kwa sababu hiyo." Machi 2017 ndipo huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilipoanza Tanzania. Na msimbo uliokuwepo kabla ya komiti ile ulikuwa uleule ambao kijana alitaka kuuandika. Ule mzunguko alioudharau ulikuwa dawa ya tatizo ambalo yeye alikuwa anakwenda kulirudisha, kwenye mfumo unaogusa pesa za watu.

Sasa rudi kwenye ripo yao mpya uendeshe `git blame` kwenye faili lile. Kila mstari unaonyesha jina la kijana na ile Jumanne. Tumia `git log -S` kutafuta lini zile tarakimu ziliondolewa, hupati kitu. `git bisect` nayo, ambayo kazi yake ni kukusaidia kupata mabadiliko yaliyoleta hitilafu, haina pa kuanzia wala pa kuishia, maana nyuma hakuna kitu. Mtu anahamia Git kwa ajili ya zana hizi, kisha anazinyima chakula siku ya kwanza.

Simlaumu kijana. Hakuna aliyemfundisha, na aliyemtuma alitaka iishe kabla ya Ijumaa. Lawama yangu ni kwa anayeongoza, kwa sababu yeye anajua ofisi zetu zilivyo. Nani hapa Dar anaandika nyaraka za mfumo? Mkataba unaisha, mtu anaondoka, kesho yuko benki, kesho kutwa yuko nje ya nchi. Anachotuachia ni ule ujumbe aliouandika saa tatu usiku akitaka kuwahi daladala ya mwisho. "Mteja wa Kariakoo anataka jina la duka liwe juu ya risiti." "Nimeondoa senti, hakuna anayelipa senti." "Usiguse hapa, ripoti ya mwezi inategemea." Kwa Kiswahili, kwa haraka, bila mapambo. Hayo ndiyo maelezo pekee ya mfumo yaliyopo, hakuna mengine kokote. Ukiyatupa, anayekuja kesho ni kama daktari aliyekabidhiwa mgonjwa wa miaka mingi bila faili.

Kuna sehemu ya kuhama ambayo mimi naipenda kuliko zote, nayo ndiyo ambayo wengi wanairuka. Subversion inahifadhi jina la akaunti tu. Git inataka jina la mtu na barua pepe. Kwa hiyo kabla ya kuhama unatoa orodha kwa `svn log -q`, unachambua akaunti zote zilizowahi kukomiti, halafu unaandaa faili la waandishi: akaunti upande wa kushoto, mtu upande wa kulia. Hapo ndipo unakutana na "juma", "juma2", "admin" na "mkandarasi". Ofisi moja niliyofanya nao kazi hii kwa utaratibu, hakuna aliyemkumbuka juma2. Tukauliza kwenye grupu la wafanyakazi wa zamani, kimya. Aliyetujibu alikuwa mama wa uhasibu: "Huyo si yule mtoto aliyekuja mafunzo kwa vitendo, akatengeneza ile ya mishahara?" Ndiye. Tukampata Mwanza, akatutumia jina lake kamili na anwani anayotumia sasa, akafurahi mno. Mwenye akaunti nyingine ameshatangulia mbele ya haki. Tukaandika jina lake lote, na mpaka leo ukifanya `git blame` kwenye hesabu za riba linatokea. Kazi ya mtu aliyoifanya kwa mikono yake inastahili kubaki na jina lake.

Najua majibu yanayokuja. Kwanza, kwamba `git svn`, zana ya kuleta historia kutoka Subversion, ni kobe. Ni kobe kweli ukiiendesha juu ya mtandao, maana inavuta rivisheni (badiliko lenye namba yake) moja baada ya nyingine. Basi usiiendeshe juu ya mtandao. Ingia kwenye seva, chukua `svnadmin dump`, nakala ya ripo nzima na historia yake, beba dampu lile kwenye diski, lipakie kwenye laptopu yako kwa `svnadmin load`, kisha fanya `git svn clone` kutoka hapohapo kwa anwani ya `file://`. Umeme ukikatika katikati, `git svn fetch` inaendelea pale ilipoishia. Kama watu wenu walifuata mpangilio wa trunk, branches na tags, weka `--stdlayout`. Kama walijipangia wanavyojua wao, taja njia moja moja. Tagi, zile alama za matoleo, zitakuja kama matawi ya mbali, zigeuze ziwe tagi kamili. Folda tupu hazitakuja, na `svn:externals`, viungo vya kuvuta msimbo wa ripo nyingine, utazishughulikia kwa mkono.

Tafadhali msiweke `--no-metadata`. Ile mistari ya `git-svn-id` inayobaki chini ya kila ujumbe inawaudhi watu kwa macho, lakini ndiyo inayobeba namba ya rivisheni ya zamani. Barua pepe zenu, tiketi zenu, na ujumbe wenyewe wa komiti umejaa "angalia r2314". Git haina r2314, ina herufi na tarakimu arobaini. Mkifuta mistari hiyo, marejeo yote hayo yanakufa.

Pili, nywila. Hapa nakubali, ingawa sipendi kukubali. Historia za zamani zimejaa nywila za hifadhidata, na nimewahi kukuta faili zima la wateja halisi, majina na namba za simu, lililowekwa kwa ajili ya majaribio. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo si jambo la kuhama nalo kimyakimya. Badilisheni nywila zote kwanza, maana zimeshaonekana, halafu `git filter-repo` iondoe mafaili hayo kwenye historia nzima. Ikiondoa na yale mazip mazito itakuwa vizuri, GitHub wenyewe, tovuti ya kuhifadhi ripo za Git, hawapokei faili la zaidi ya MB 100. Sababu hii inadai usafishaji, haidai kuteketeza.

Tatu, na hii hutolewa na waliosoma: "Mbona Linus Torvalds mwenyewe aliacha historia?" Ni kweli. Torvalds ndiye aliyeanzisha Linux na Git yenyewe, na ripo ya Linux kwenye Git inaanza tarehe 16 Aprili 2005 na toleo la 2.6.12-rc2, bila yaliyotangulia. Lakini someni alichoandika pale. Alisema historia wanayo, kwamba ikiingizwa ingefika GB 3.2 wakati Git bado changa, na kwamba kumbukumbu ya zamani inaweza kutengenezwa pembeni baadaye. Git ilikuwa na siku chache tu tangu izaliwe. Na kumbukumbu hiyo ilitengenezwa kweli, na leo unaweza kuiunga na ripo ya sasa kwa `git replace`. Yeye aliahirisha akijua anachoahirisha. Ninyi mnazima seva na kuuza diski.

Tazameni wenye miradi mikubwa kuliko yetu wamefanya nini. Lugha ya Python imepita CVS, ikapita Subversion, ikaenda Mercurial (CVS na Mercurial ni mifumo mingine ya kazi hiyohiyo) mwaka 2011, ikaingia Git mwaka 2017, na ukifungua ripo yake leo komiti ya kwanza ni ya Agosti 1990, miaka kumi na mitano kabla ya Git kuwepo. GCC, wenye kikusanyaji cha lugha ya C na nyingine, walihama kutoka Subversion Januari 2020 baada ya kubishana kwa miaka juu ya namna ya kuleta historia yote ikiwa sahihi. FreeBSD, wenye mfumo endeshi, walianza kuhamisha msimbo wao mkuu Desemba 2020, wakabeba na yao. Hawa wote walikuwa na visingizio vikubwa kuliko vyetu.

Wapo wanaosema watabakiza seva ya zamani iwe ya kusoma tu. Kwa muda gani? Google Code, iliyohifadhi ripo za watu, ilifungwa Januari 2016. Bitbucket, tovuti nyingine ya namna hiyo, waliondoa Mercurial mwaka 2020. GitHub nao walizima njia ya kuingia kwa Subversion Januari 2024. Kama kampuni za namna hiyo zinafunga, ile kompyuta yenu iliyo chini ya meza ya mapokezi haina atakayeitetea bajeti ikikazwa.

Kwa walio katikati ya kazi hii sasa hivi: mkimaliza kuhamisha, toeni faili za mwisho za Subversion kwa `svn export` na za Git pembeni, mzilinganishe kwa `diff -r`. Chagueni na tagi mbili tatu za zamani, mfanye vivyo hivyo. Zikilingana, wekeni kwenye seva ya zamani `pre-commit` inayokataa kila kitu, mtu asije akakomiti huko kwa mazoea. Dampu lenyewe msilifute hata kama kila kitu kimekaa sawa. Wekeni nakala moja ofisini na nyingine nje ya ofisi, na faili la waandishi likae nalo pamoja. Na ile ofisi ya wiki iliyopita, kama mnasoma hapa: komiti yenu ya "mwanzo" bado haijajengewa mengi juu yake, inaweza kuunganishwa na historia wiki hii hii. Nipeni ruhusa ya kuingia kwenye seva, nitakuja.